Natafuta kazi nyingine nikiwa bado kazini: niache kwanza au nivumilie?

*"Nina miaka 31, ni mhasibu kwenye kampuni inayoagiza vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, mwaka wa nne sasa. Mshahara ni 900,000 kabla ya makato, na bado nakatwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Naishi Kibaha. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku, na Jumamosi tunafanya kazi mpaka saa saba mchana. Tangu mwaka jana naomba kazi sehemu nyingine. Nimetuma maombi mengi sana, nimeitwa kwenye usaili mara mbili tu. Mara ya pili nilidanganya kwamba naumwa, na tangu siku hiyo bosi ananiangalia vibaya. Rafiki zangu wanasema niache kwa notisi ya saa 24 nipate muda wa kutafuta vizuri. Mume wangu anasema nivumilie mpaka wanipunguze ili nipate mafao. Mwenyewe najiona msaliti, maana bosi huyu alinichukua nikiwa sina uzoefu wowote. Masomo ya CPA, cheti cha kitaalamu cha uhasibu, nayo nimeyaacha njiani, nimebakiza ngazi ya mwisho. Nifanye nini?"*

Dada yangu, pole kwa safari ya kila siku, na asante kwa kueleza yote bila kuficha, hata lile la ugonjwa. Naona mambo matatu yamefungana: muda hautoshi, unamwogopa bosi, na moyo unakusuta. Nianze na la moyo, kwa sababu ndilo linalokusukuma kufanya mengine vibaya.

Kutafuta kazi nyingine si usaliti. Mkataba wa kazi una pande mbili, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa kila upande njia ya kuumaliza kwa notisi. Bosi alikupokea ukiwa huna uzoefu na anastahili shukrani. Lakini kwa miaka hii umemfungia hesabu kila mwezi na kodi zake zimekwenda TRA kwa wakati. Shukrani hiyo umeitoa kwa kazi, na utaitoa tena siku utakapokabidhi vitabu vikiwa safi.

Kinachoweza kuwa kosa ni namna ya kutafuta. Mwajiri anatakiwa awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kutuma maombi kwa muda wako, kwa simu yako, si utovu wa nidhamu. Kudanganya ni utovu wa nidhamu. Kupeleka cheti cha daktari ambacho hukustahili ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu mhasibu ni mtu aliyekabidhiwa fedha, na mhasibu akionekana mwongo katika jambo dogo hakuna anayemwamini katika kubwa. Lile la ugonjwa usilifukue, wala usilirudie. Fanya kazi yako vizuri, wahi, funga mwezi kwa wakati. Jicho la bosi litatulia lenyewe baada ya muda.

Sasa ushauri wa rafiki zako. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, au zaidi kama mkataba unasema hivyo na muda huo ukiwa sawa kwa pande zote mbili. Hii "saa 24" inayosemwa mitaani maana yake ni kuondoka papo hapo na kupoteza mshahara wa mwezi, kwa sababu mwajiri ana haki ya kukata kwenye malipo yako fedha za siku za notisi ulizokataa kufanya kazi. Kwa hiyo utaanza kukaa nyumbani ukiwa tayari umepungukiwa. Fao la NSSF la kukosa ajira nalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Liko jingine ambalo rafiki zako hawalioni, nami nimeliona mara nyingi nikiwa upande wa pili wa meza ya usaili. Anayeajiri huuliza, "Unaweza kuanza lini?" Mwenye kazi akijibu "Baada ya notisi ya mwezi mmoja", anayeuliza anajua anamtoa mtu mahali, na ili kumtoa lazima aweke kitu mezani. Asiye na kazi akijibu "Hata kesho", mazungumzo ya mshahara yanaishia hapo. Si haki, maana mtu ni yule yule na ujuzi ni ule ule, lakini ndivyo inavyokwenda. Na ukikaa miezi mitano bila kipato, utakubali kazi ya kwanza itakayokuja, hata kama ni mbaya kuliko unayoikimbia.

Mumeo naye anakutakia mema, ila hesabu yake haimsaidii mtu. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, na hulipwa mwajiri anapokuachisha. Wewe una miaka mitatu iliyokamilika. Hizo ni siku 21, haifiki hata mshahara wa mwezi mmoja. Kungoja upunguzwe katika kampuni ambayo haijasema itapunguza mtu ni kuuza miaka yako kwa bei ya chini sana.

Je, kuna wakati wa kuacha kabla ya kupata kwingine? Upo. Kama mshahara haulipwi miezi, kama unanyanyaswa kingono, kama afya inavunjika, au kama unaamriwa kughushi vitabu na ritani za kodi, hapo kukaa kuna hatari kuliko kuondoka. Lakini hata hapo usikimbilie kuandika barua ya kujiuzulu. Sheria inatambua kwamba mwajiri akifanya kazi isivumilike, kujiuzulu kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa ameachisha yeye. Madai ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Barua iliyoandikwa kwa hasira, yenye maneno "naacha kwa sababu binafsi", huwa inaharibu haki hiyo. Kwa maelezo yako wewe hujafika huko. Umechoka na umekwama, na hayo yana dawa nyingine.

Twende kwenye muda. Watu wengi huamini kwamba aliyeajiriwa hapati kazi mpya kwa sababu hana saa za kutosha. Kwa kawaida saa si tatizo. Barua ya maombi iliyoandikwa saa tatu usiku na mtu aliyeamka saa kumi inasomeka kwa uchovu ule ule, na ikitumwa sehemu thelathini inachosha wasomaji thelathini. Ngoja nikueleze kinachotokea upande wa pili. Kampuni ikitangaza nafasi ya mhasibu hupokea maombi kwa mamia. Anayechuja hana muda wa kusoma yote kwa utulivu, kwa hiyo anatafuta sababu ya kuondoa. Hana CPA, ondoa. Hajataja programu ya hesabu aliyotumia, ondoa. Ameandika "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" kama walivyoandika wenzake wote, ondoa. Wanaobaki ni wachache ambao karatasi zao zimejibu tangazo lile, na mara nyingi mmoja wao ametajwa na mtu aliyeko ndani.

Ukilielewa hilo utaona kwa nini maombi mengi yamekuletea usaili mara mbili. Punguza. Mawili kwa mwezi yaliyoandikwa kwa akili iliyopumzika yanashinda thelathini ya usiku. Mimi ningetenga Jumapili asubuhi, au mchana kabla ya kurudi kwenye shughuli za nyumbani, saa mbili tatu hivi, na nisingegusa jambo hilo siku za kazi isipokuwa kusoma matangazo kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Usiku wa siku ya kazi lala.

Na uandike nini? Hapa una utajiri ambao sidhani umeuona. Mhasibu wa kampuni inayoagiza mizigo kutoka nje anajua mambo ambayo mhasibu wa shule au wa hoteli hayajui: kukokotoa gharama ya mzigo mpaka unafika ghalani, ushuru wa forodha, gharama za bandari, malipo ya wakala, faida na hasara ya kubadilisha dola, VAT iliyolipwa bandarini na namna ya kuidai. Yaandike hayo kwa majina yake. Andika kwamba PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya mafunzo ya ufundi anayolipa mwajiri) unaziwasilisha kabla ya tarehe 7, ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, kwamba unafanya usuluhisho wa benki wa akaunti kadhaa, na kwamba umeandaa vitabu kwa wakaguzi wa nje mwaka hadi mwaka. Kisha peleka maombi kwa wanaohitaji mtu wa namna hiyo: waagizaji wa dawa, vipuri na mashine, mawakala wa forodha, wenye maghala, viwanda vinavyoleta malighafi kutoka nje. Huko wewe si mmoja wa mamia.

Serikalini ni njia nyingine. Maombi hupita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na kwa kuwa uko sekta binafsi huhitaji barua yako ipitishwe na mwajiri wako, tofauti na wanaotumikia umma. Ila usaili huko huwa na hatua zaidi ya moja, wa mchujo kisha wa mahojiano, na kila hatua inakula siku. Omba ukiwa na likizo mkononi.

Sasa nikwambie jambo ambalo huenda hukulitegemea. Ningekuwa wewe, ningesimamisha kutafuta kazi kwa msimu mmoja wa mitihani nimalize CPA. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, iko Mei na Novemba, na umebakiza ngazi moja. Kwa nafasi za uhasibu zenye mshahara unaozidi wako, CPA ndiyo kichujio cha kwanza, na hakuna ufundi wa kuandika barua unaokipita. Najua gharama yake: miezi kadhaa zaidi ya kuamka alfajiri kwenda mahali pasipokuridhisha, ada ya mitihani, na kusoma usiku ule ule niliosema ulale. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mgonjwa, huenda mwaka huu haiwezekani, na hapo endelea na maombi mawili kwa mwezi bila kujilaumu. Lakini kama nafasi ya kusoma inaweza kupatikana, kufanya yote mawili kwa pamoja ndiko kulikokufanya uache masomo njiani. Chagua moja kwanza. Mkae na mumeo muamue, kwa sababu kazi za nyumbani za miezi hiyo zitamwangukia yeye pia.

Ukiitwa kwenye usaili, tumia likizo. Sheria inakupa siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na mwajiri hana haja ya kujua unazitumiaje. Ana mamlaka ya kupanga lini uziende, kwa hiyo usizimalize zote Desemba kwa safari ya kijijini. Omba zigawanywe, ubaki na siku kadhaa za kuchukua mojamoja. Usipange usaili karibu na tarehe 7 wala tarehe 20. Ukikosekana siku hizo kila mtu ofisini atajiuliza uko wapi. Na usiogope kumwambia anayekuita, "Niko kazini, je, tunaweza kukutana saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, au tuzungumze kwanza kwa simu?" Wengi hukubali, na anayekasirika kwa ombi hilo amekuonyesha mapema atakavyokuwa bosi.

Kuhusu siri. Usitumie barua pepe, kompyuta wala mashine ya kuchapia ya ofisi, hata kwa ukurasa mmoja. Ukiwa na LinkedIn, kuna mpangilio wa kuwaonyesha wanaotafuta wafanyakazi peke yao kwamba uko tayari kuhama, lakini wenyewe wanasema hawawezi kuhakikisha kwamba watu wa kampuni yako hawataona. Kwenye wadhamini, usimwandike bosi wako wa sasa. Mwandike mwalimu wa chuo, msimamizi wako wa zamani aliyekwisha kuondoka hapo, au mwenye mamlaka uliyefanya naye kazi nje ya kampuni, na uwaombe ruhusa kabla. Kisha ongeza mstari mmoja kwamba mwajiri wa sasa aulizwe baada ya wewe kupewa kazi. Ni ombi la kawaida kabisa. Wakaguzi wa nje wanaokuja kila mwaka wanakujua vizuri na wana wateja wengi, lakini waache kwanza, maana wanamtumikia bosi wako. Wenzako wa chuo na waliohama kutoka hapo ni salama zaidi. Mmoja au wawili wanatosha. Siri ikikaa kwa watu sita imeshafika ofisini.

Usiondoke na chochote cha kampuni: orodha ya wateja, bei za wauzaji, nakala za vitabu. Hata mwajiri mpya akikuomba, hasa akikuomba, kataa.

Halafu fedha, ambapo naona watu wanaumia bila kujua. Mtu anayekatwa mkopo wa Bodi ya Mikopo akisikia 1,200,000 anafikiri ameongezwa 300,000. Tupige hesabu kwa viwango vya PAYE vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, tukichukulia mshahara wote ni wa msingi. Katika 900,000 unakatwa NSSF asilimia 10, yaani 90,000, PAYE 80,500 na mkopo asilimia 15, yaani 135,000. Unabaki na 594,500. Katika 1,200,000 NSSF ni 120,000, PAYE 152,000, mkopo 180,000. Unabaki na 748,000. Nyongeza inayofika mkononi ni 153,500, nusu tu ya ile uliyoisikia. Kama ofisi mpya iko Tegeta au Kigamboni na wewe uko Kibaha, toa nauli na muda. Kama kazi ya sasa ina bima ya afya ya familia na ile mpya haina, huenda hakuna nyongeza kabisa. Ulizia pia marupurupu ya nyumba na usafiri, na mshahara hulipwa tarehe ngapi. Wakiuliza unalipwa kiasi gani sasa, sema ukweli, maana wanaweza kudai hati ya mshahara, kisha taja unachotaka na sababu yake.

Kabla ya kupeleka barua ya kujiuzulu, shika mkataba uliotiwa saini na pande zote mbili, wenye tarehe ya kuanza na muda wa majaribio. Ahadi ya simu haitoshi, hata ikitoka kwa mkurugenzi. Ujue pia kwamba kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri. Yaani ukihama, unaanza tena bila kinga hiyo. Ndiyo maana ni vyema umtafute mtu aliyewahi kufanya kazi huko umuulize wanalipa kwa wakati au hawalipi, na aliyekutangulia katika nafasi hiyo aliondokaje.

Bosi wako anaweza kukuongeza mshahara ili ubaki. Kama kilichokusukuma ni fedha peke yake, sikiliza, na utake nyongeza hiyo kwa maandishi. Kama ni umbali, au kutokukua, fedha hazitaifupisha barabara ya Morogoro. Ukiondoka, peleka barua baada ya kuwasilisha VAT ya mwezi, fanya kazi siku zako zote za notisi, kabidhi kila kitu kwa maandishi. Dai mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na hati ya utumishi, ambayo mwajiri analazimika kukupa. Ukifika kwa mwajiri mpya mweleze mapema kuhusu mkopo wako wa elimu ya juu ili makato yasikatike.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama mkataba wako una kifungu kinachokuzuia kufanya kazi kwa washindani, au unadaiwa na kampuni mkopo au gharama za mafunzo, mpelekee wakili ausome kabla hujasaini kwingine. Kama bosi ataanza kukutishia, kukushusha cheo au kukuandikia barua za onyo zisizo na msingi, nenda ofisi ya kazi ya mkoa, au kwenye tawi la chama chako cha wafanyakazi, ukiwa na mkataba na barua hizo mkononi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kwenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wanawake wanasaidiwa pia na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake. Na kama umefika mahali ambapo usingizi umekataa, chakula hakipiti, au unalia kila Jumapili jioni ukifikiria Jumatatu, mwone daktari wiki hii. Siku hiyo utakuwa na sababu ya kweli ya kuomba ruhusa ya ugonjwa, na sheria inakulinda.